Makadirio ya Chumba cha Ubavuni

Jumapili, 9 Februari

Baba amepangusa mdomo, amesukuma sahani mbele, kisha ametangaza kwamba nyumba itaongezwa ubavu. Kaka anaoa mvua zikiisha na mkewe hawezi kuja kulala sebuleni. Kwa hiyo upande wa kushoto, penye bustani ya mboga ya Mama, patajengwa makao madogo yaliyoshikana na nyumba: chumba, sebule ya kukunja magoti, choo chenye bafu, na jiko la kusimama mtu mmoja. "Ukuta mmoja tunao tayari," alisema Baba, akainua kidole kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Tunajenga mitatu tu. Rula atatukadiria."

Rula ni mimi. Jina hilo nilibandikwa na Kaka tangu nilipoanza kusomea ukadiriaji majenzi, na sasa hata Mama huniita hivyo akitaka chumvi. Kazini nakadiria maghala na madarasa ya watu nisiowajua, na watu hao hunishukuru. Nyumbani napewa kazi kama ninavyopewa ufagio.

"Na gharama?" niliuliza.

"Mafungu matatu. Mimi, kaka yako, na wewe."

"Mimi hapo naolewa na nani?"

Kaka alicheka hadi akapaliwa. "Toa tu, mdogo wangu. Utakuwa unakuja kunywa chai."

Ananizidi miaka minne na mshahara wake umenona kuliko wangu. Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali. Nadhani ni kwa sababu Baba alikuwa ameshaanza kuchokonoa meno, na Baba akianza kuchokonoa meno, kikao kimefungwa.

Shangazi alikuwa pembeni akishona kifungo cha shati la Baba. Ni dada mkubwa wa Baba. Ameishi hapa tangu kabla sijazaliwa, na tangu nilipoachishwa ziwa tunalala chumba kimoja, yeye ukutani, mimi dirishani. Kwenye vikao huwa hasemi neno. Leo aliuliza, "Upande upi?"

"Wa kushoto, Dada. Kwenye mboga."

"Ahaa," akasema, akakata uzi kwa meno.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepima. Mita sita kwa nne na nusu. Mboga za upande ule zimedumaa, kama miaka yote. Nimezikanyaga chache na sikujuta.

Jumatano, 12 Februari

Makadirio ya kwanza yamekamilika. Msingi peke yake unakula karibu robo ya fedha yote: kuchimba, mawe, zege, kushindilia. Halafu kuta, kenchi, mabati, milango, madirisha, mabomba, umeme. Mwishoni nikaweka dharura, asilimia kumi, kama nilivyofundishwa.

"Dharura ndiyo nini?" Baba aliuliza.

"Ni fedha ya jambo usilolijua."

"Kama hulijui, umelipigiaje hesabu? Futa."

Sikufuta. Nimeiandika upya kama "misumari". Sasa tuna misumari ya kujengea mji.

Kisha Mama akaleta la mlango. Anataka mlango wa kupitia ndani, ili mkwe asilowe akija jikoni. (Anataka kuona mkwe anaamka saa ngapi. Namjua.) Lakini ukuta utakaoshikana na jengo jipya ni wa chumba chetu mimi na Shangazi. Maana yake mlango utatoboa chumba chetu, nasi tutasukumwa upande mmoja na kuvuta pazia.

"Yaani watu watapita miguuni petu kwenda kulala?"

"Mtajibana kidogo. Wewe kutwa uko kazini, na shangazi yako hana makuu."

Hana makuu. Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote na leo ndiyo mara ya kwanza yamenichoma. Nilimtazama mwenyewe. Alikuwa anakunja shuka, pembe kwa pembe. Nikachora pazia. Gharama ya kuvunja ukuta na kumwaga linta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango, nimeiandika kwa nguvu hadi kalamu imetoboa karatasi, lakini nimeiandika.

Jumapili, 16 Februari

Kaka hajatoa fungu lake. Anasema lipo.

Jumanne, 18 Februari

Lipo.

Alhamisi, 20 Februari

Fundi amekuja. Mtaa mzima unamwita Kesho. Alizunguka bustani akiupiga udongo kwa kisigino, kama anayetafuta mtu aliyejificha.

"Hii kazi ni wiki mbili, dada."

"Kuanzia lini?"

"Kesho."

"Watu wanasema kwako kila siku ni kesho."

"Wanaosema hivyo ni wale ambao hawakulipa jana."

Nilicheka, na nikakasirika kwa kucheka, kwa sababu bei yake ya kuchimba msingi ilikuwa ya kutoa machozi. Baba akasema fedha hiyo itaokolewa: Kaka atachimba mwenyewe. "Ana mabega ya nini?" Kaka aliyatazama mabega yake kwa huzuni.

Jumapili, 23 Februari

Nataka kuyaandika haya kwa utaratibu.

Kaka alianza kuchimba asubuhi, amevaa glavu zake za pikipiki. Mama alikuwa anang'oa mboga mbele yake. Mimi nilishika kamba. Jembe liliingia kina cha kiganja, likalia. Akasogea hatua moja, likalia tena.

"Rula, makadirio yako yana mwamba?"

"Hapa hakuna mwamba."

"Basi mwambie huyu asiye mwamba anipishe."

Niliruka ndani, nikapangusa kwa mkono. Zege. Juu yake mawe yaliyopangwa na kushikishwa kwa saruji, yamenyooka. Nikachukua sururu, kisha nikaitupa nikaendelea kwa vidole. Mstari ulikwenda mita sita, ukakata kona ya mraba, ukateremka, ukakata kona nyingine, ukarudi kuingia chini ya ukuta wa nyumba yetu. Katikati kulikuwa na mstari wa kizigeu: upande huu chumba, upande huu sebule ndogo. Kwenye kona ya nyuma nikakuta mdomo wa bomba la choo, umezibwa kwa gunia lililooza.

Nimesomea kazi hii miaka minne. Huo haukuwa mwamba. Ulikuwa msingi mzima wa makao madogo, mahali pale pale nilipoyachora mimi, tofauti kama upana wa tofali. Ndiyo sababu mboga za upande ule hazikuwahi kurefuka.

Mama alikuwa amesimama na fungu la mboga kifuani. Nilimtazama. Hakushangaa.

"Mama, hii nini?"

"Muulize baba yako."

Baba alikuwa mlangoni. Alitazama shimo, kisha akainua macho kwenye dirisha la chumba chetu. Nikayafuata macho yake. Shangazi alikuwa dirishani, kitana mkononi, nusu ya nywele ameshasuka.

"Haujapasuka?" akauliza.

Nikajibu mimi. "Haujapasuka, Shangazi."

"Vizuri," akasema, akavuta pazia.

Jumatatu, 24 Februari

Nimembana Baba asubuhi akipaka viatu dawa.

"Hayo ni mambo ya zamani," akasema.

"Ya zamani yamekaa mita sita kwa nne na nusu, Baba."

Akaendelea kupiga brashi kiatu kimoja hadi nikadhani atakitoboa. Kisha akasema, vipande vipande. Shangazi alikuwa mpiga chapa. Ofisi ilipopunguza watu, alilipwa kiinua mgongo. Baba alikuwa na kiwanja hiki na nyumba iliyokuwa na paa upande wa mbele tu. Walikubaliana kwamba Shangazi ajijengee ubavuni, makao yake mwenyewe, mlango wake mwenyewe. Aliweka msingi. Alinunua mabati. Mama naye alikuwa na mimba ya Kaka, na mvua zilikuwa zinakuja.

"Nikaazima mabati yake," Baba akasema. "Kwa mwaka mmoja tu."

"Ikawaje?"

"Mwaka ukaisha."

Nilitoka nje nikatazama paa. Bati la mbele lina migongo mipana, la nyuma migongo myembamba. Nimeliona hilo tangu utotoni na nilidhani dukani waliishiwa. Miaka yote nimelala chini ya mabati ya Shangazi, na yeye amelala chini ya hayo hayo, kama mgeni.

Alhamisi, 27 Februari

Kaka amefurahi. Amefurahi! Robo ya bajeti imefutika kwa siku moja, na leo fungu lake, ambalo sasa limepungua, limepatikana ghafla kabla hata chai haijapoa. Anataka vigae sebuleni. Anataka soketi ya televisheni mbele ya kitanda.

"Mungu ametusaidia," Baba alisema.

"Mungu hakuwa mpiga chapa," nikasema.

Mama aliweka kijiko chini.

"Toka mezani," akasema Baba.

Nina miaka ishirini na sita. Nimetoka mezani.

Jumamosi, 1 Machi

Mama alikuwa anaanika nguo. Nilishika upande wa pili wa shuka ili asinikimbie.

"Ulijua."

"Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, na tumbo. Ulitaka nimwambie mume wangu avue mabati?"

"Ukafukia msingi wa mtu."

"Nilifukia shimo. Kila nikifungua dirisha lilikuwa linanitazama. Nikatia udongo, nikapanda mboga."

"Zikakataa kukua."

"Zilikua!" Alinivuta na shuka lake. "Zilikua, mkazila, mkanenepa. Usiniletee ukali wa shuleni hapa. Unadhani mimi sikuwa nikimwona kila siku akipita na ndoo yangu, akipita na mtoto wangu mgongoni? Ningemwambia nini?"

Hasira iliyobaki haikujua ikae wapi. Kwa Mama ilikuwa imeanza kuteleza.

Alhamisi, 6 Machi

Kesho alikuja kutia alama ya mlango wa ndani. Tulisogeza kitanda cha Shangazi. Alibandua plasta kwa nyundo ndogo, akasita, akabandua tena juu zaidi.

"Dada, nani alikwambia uweke bei ya linta?"

"Mimi mwenyewe. Kwa nini?"

"Unayo."

Ilikuwepo kweli, zege la kijivu limelala juu ya mlango ambao haupo. Chini yake matofali yalikuwa ya rangi nyingine, yamejazwa ovyo, saruji imetoka kama ulimi. "Aliyeziba hapa alikuwa na haraka," alisema fundi.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kitanda changu na mto wake mapajani. Miaka thelathini kichwa chake kimeelekea pale. Alipotoka fundi kwenda kunywa maji nilimuuliza, "Ulijua ni hapa?"

"Nilichagua mwenyewe upande wa kitanda."

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya jambo na sijui kama ni jema.

Wiki nzima kazini nilikuwa napiga hesabu. Msingi wa Shangazi kwa bei ya leo. Linta kwa bei ya leo. Mabati ya nyuma yote, kwa bei ya leo. Jumla ni kubwa kuliko fungu la Baba, au la Kaka, au langu. Ni kubwa kuliko la Kaka na langu kwa pamoja. Nikaiandika katika makadirio kama fungu la nne, la kwanza kwa ukubwa, nikasimama mezani baada ya kula, nikalisoma. Nilisoma taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili.

"Kwa hiyo?" Kaka akauliza.

"Kwa hiyo mwenye fungu kubwa ndiye wa kusema nani ataishi pale."

"Rula, mimi nimeshamwahidi mtu!"

"Na Shangazi aliahidiwa kabla hujazaliwa!"

Baba alisimama akatoka bila kuchokonoa meno. Nilidhani nimeshinda. Nilikwenda chumbani na kifua mbele, na nikamkuta Shangazi ananingoja, amesimama. Sijawahi kumwona hivyo. Midomo ilikuwa imekauka.

"Nani amekutuma?"

"Shangazi, nilitaka wajue..."

"Wajue nini? Kwamba niliibiwa na mdogo wangu nikaendelea kumshonea vifungo? Miaka yote nilikuwa nalijua mimi, nimelificha vizuri, nimelala nalo. Leo umelitandaza mezani kati ya sahani, kila mtu ameona jinsi nilivyokuwa mjinga."

"Si wewe mjinga, ni wao ndio..."

"Uliniuliza nataka nini?"

Nilikunja karatasi ya makadirio.

"Baba yako hakuniuliza. Mama yako hakuniuliza. Na wewe msomi hukuniuliza, umenijumlisha tu. Na lile pazia la kutubana upande mmoja, nani alilichora? Si wewe?"

Alilala akanigeuzia mgongo, akaelekea ukuta uliobanduliwa. Namkasirikia hata yeye. Naandika hili kwa sababu ni kweli: namkasirikia kwa sababu nilitaka anishukuru.

Jumatano, 12 Machi

Hasemi nami. Hata kukoroma anakoroma kwa hasira.

Jumamosi, 15 Machi

Kuta zimefika madirishani. Fundi amezibua mlango wa ndani na kuweka fremu. Sasa chumba chetu kina mlango wa kwenda kwenye uwazi.

Jumatano, 19 Machi

Kuta zimefika juu. Kinachofuata ni kenchi na mabati, na fedha za ujenzi nazitunza mimi. Nimekataa kuzitoa.

"Mawingu hayo unayaona?" Baba aliuliza.

"Nayaona. Mwenye jengo akiniambia niezeke, nitaezeka."

"Mwenye jengo ni nani?"

"Ndilo swali, Baba."

Kaka aliniambia nina roho ya kutu. Nilimwambia roho yangu angalau haijaezekwa kwa mabati ya wizi. Mama alituambia wote wawili tuoge tukalale, na ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Shangazi ameomba nimpishe apite dirishani. Maneno mawili: "Nipishe, mwanangu." Nimeyahesabu kuwa mawili na nusu, kwa ajili ya "mwanangu".

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga kama watu wanaomwaga kokoto. Nilisimama kwenye ule mlango wa ndani nikatazama: kuta bila paa zimekuwa beseni, maji yamefika kifundoni, saruji mpya inavuja rangi ya chai. Fedha yangu. Fedha ya kila mtu. Juu ya ngazi alikuwa Baba, amevaa fulana, anavuta turubai ambalo upepo unamnyang'anya. Alikuwa mdogo sana kule juu. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikaniudhi kuliko kitu chochote.

Shangazi alipita kwa nje na mwavuli wangu, amevaa viatu vya plastiki, akaingia kwenye maji, akasimama chini ya ngazi.

"Kitinda!"

Hilo ni jina la Baba la utotoni. Hakuna mwingine anayethubutu.

"Dada, rudi ndani, utaugua."

"Shuka. Nina la kukwambia na siwezi kupiga kelele kwa umri huu."

Baba akashuka. Shangazi akamfunika na mwavuli, mwavuli wa mtu mmoja, wakalowa wote wawili nusu nusu.

"Hii nyumba ni yangu."

"Nilisema mwaka mmoja, Dada, kisha..."

"Najua ulichosema, nilikuwepo. Ilipokuwa chini ya mboga niliweza kunyamaza. Sasa ina madirisha, Kitinda. Juzi nilijikuta nimesimama humu peke yangu nawaza meza nitaiweka wapi. Mtu mzima mimi, nimesimama ndani ya kuta za harusi ya mtoto, nawaza meza."

"Ungesema."

"Ningesemea wapi? Nalala kwako, nakula kwako. Siku ningedai, jioni yake ningekuwa mgeni."

Baba alijipangusa uso kwa kiganja, chote, kuanzia paji hadi kidevu. "Na kijana?"

"Kijana ana miguu."

Mvua ikapiga. Turubai lilianguka nyuma yao, hakuna aliyegeuka.

"Nimekosa, Dada," akasema Baba.

Nilisubiri niridhike. Sikuridhika. Miaka thelathini, na malipo yake maneno mawili yaliyolowa. Lakini Shangazi alitikisa kichwa kukubali, akaonekana kuyapokea, na hayakuwa yangu mimi kuyakataa.

Kisha akaniona mlangoni. "Wewe unatazama nini? Toa fedha za watu, mvua inaninyeshea ndani."

Ijumaa, 28 Machi

"Kwa hiyo mimi nikaolee barabarani?" Kaka aliuliza mezani.

"Oa popote, mwanangu," Shangazi akamjibu, akimwongezea mchuzi, "mradi isiwe kwangu."

Kaka anadai fungu lake. Baba atamrudishia kidogo kidogo. Akipita koridoni ananikwepa kama rangi mbichi. Jioni mchumba wake alinipigia simu, akanong'ona, "Wifi, asante. Nilikuwa sijui nitaanzaje kumwambia sitaki kukaa ukuta mmoja na mkwe." Nikakasirika tena: watu wangapi hawakuulizwa katika jengo moja?

Jumapili, 6 Aprili

Imeezekwa. Baba alitaka kuvua mabati ya nyuma amrudishie mwenyewe. Shangazi alikataa. "Hayo mmeshayalalia. Nataka mapya." Fedha ya mabati ilikuwa imepungua tulipoanza kumrudishia Kaka fungu lake. Nikatoa fedha ya misumari.

"Misumari gani ya bei hii?" Baba akauliza.

"Ya jambo usilolijua."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikaribia kucheka, lakini mimi sikuwa tayari.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikuwa nimenunua pazia la ule mlango wa ndani. La maua. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu: usiku nitauacha wazi, tutaongea kila mtu kitandani kwake kama siku zote, asubuhi nitapita kuchukua kitana. Nilimwonyesha.

"Zuri," akasema. "Tia dirishani kwako. Mlango unazibwa."

"Unazibwa? Shangazi! Mimi ndiye niliye..."

"Wewe ndiye uliye nini?"

Sikumalizia. Ningemalizia ningekuwa nimemdai.

"Mara ya kwanza waliuziba bila kuniuliza," akasema. "Safari hii naomba mimi."

Baba alikataa fundi asiguse. Alichanganya saruji mwenyewe, akapanga matofali mwenyewe, taratibu, akipima kila mstari kwa kamba yangu. Hakuna saruji iliyotoka kama ulimi. Shangazi alisimama upande wa kule, mimi upande wa huku. Mstari wa kwanza ukameza viatu vyake. Kisha sketi. Kisha mikono iliyofumbatana. Ilipobaki nafasi ya uso, nadhani wangu ulikuwa unasema kila kitu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Sijafa, nimehama."

Jumapili, 13 Aprili

Mchana, mvua. Chumba ni kikubwa mno. Mahali palipokuwa na kitanda chake kuna mstatili wa saruji mbichi wenye ukubwa wa mlango, na una harufu. Niliweka sikio. Baba amejenga vizuri, hakuna kinachosikika. Hata hilo limeniudhi, kwamba anaweza kumbe.

Nikachukua mwavuli. Ili kumfikia mtu niliyelala naye chumba kimoja maisha yangu yote ilibidi nitoke koridoni, nipite sebuleni, Mama aulize naenda wapi, nivae viatu, nizunguke nyumba nzima kwenye tope, nipite pipa la taka na kamba ya nguo, hadi upande wa kushoto. Mboga mbili tatu zimebaki kando ya ukuta. Mlango wake ni wa kijani. Rangi aliichagua mwenyewe, na ni mbaya.

"Hodi," nikasema.

Kiti kilikwaruza sakafu ndani. Najua alisikia.

"Hodi, Shangazi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mfereji wa bati jipya ulikuwa unanimwagikia shingoni. Hasira ilinipanda hadi masikioni: mimi nani! Nikafungua mdomo nimjibu inavyostahili, kisha nikaisikia upya ile sauti. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu anayeonja kitu kwa mara ya kwanza na hataki kukimeza haraka. Sikuwahi kumsikia akiuliza swali hilo. Hakuwahi kuwa na mlango wa kuulizia.

Nikalitaja jina langu, la kwangu na la baba yangu, kamili, kama mtu aliyekwenda ofisini na shida yake.

"Ngoja kidogo," akasema.

Nimengoja.